Rufaa ya kosa la kubaka mtoto Tanzania Bara: mwongozo kamili kwa mfungwa na familia yake

Hakimu akishataja miaka thelathini, au maisha, mfungwa hupandishwa karandinga na ndugu hubaki uani mwa mahakama wakiulizana nani amwone nani. Wakati wanaulizana, muda wa rufaa umeshaanza kuhesabiwa. Kesi nyingi zenye hoja nzuri hukwama hapa mwanzoni kwa sababu hakuna aliyeandika karatasi moja ndani ya siku kumi, jaji asipate hata nafasi ya kuzisoma.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi kwa kubaka mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18, au kumlawiti mtoto. Unahusu Tanzania Bara tu, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake. Namba za vifungu ninazotaja ni zile zilizozoeleka kabla ya Toleo la Sheria la 2023, ambalo lilianza kutumika Julai 2025 na kubadilisha namba nyingi. Ukiandika waraka wa mahakama leo, linganisha kwanza na toleo jipya.

Niseme mapema ninaposimama. Mtoto aliyeumizwa anastahili hukumu imara, ambayo haitaanguka miaka mitano baadaye. Mtu aliyefungwa bila ushahidi wa kutosha anastahili kurudi nyumbani. Rufaa ipo kwa ajili ya wote wawili, na silaha yake ni kumbukumbu za mahakama, yaani kile kilichoandikwa siku mashahidi waliposema. Machozi, barua za wazee wa mtaa na sifa za mtu kanisani au msikitini haziingii humo.

Jua kwanza umefungwa kwa kifungu gani

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia. Kwa hiyo hoja ya "walikuwa wapenzi" haimsaidii mrufani. Adhabu iko kifungu cha 131: kifungo kisichopungua miaka 30, na mahakama inaweza kuamuru fidia kwa mwathirika. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, adhabu ni maisha. Kulawiti kuko kifungu cha 154, na mwathirika akiwa chini ya miaka 18 adhabu ni maisha. Makali haya yalianza na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998.

Tazama pia umri wa mshtakiwa mwenyewe siku ya tukio. Kama hakuwa ametimiza miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Wapo vijana wanaotumikia miaka 30 kwa sababu umri wao haukuulizwa wala kuandikwa. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki vinaweza kubadilisha kila kitu hapa, basi vitafuteni mapema.

Kama mshtakiwa alikiri kosa mahakamani, njia ni nyembamba. Kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu kupinga uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Hata hivyo, mahakama husikiliza rufaa dhidi ya hatia pale kukiri kwenyewe kulipokuwa na utata, kulipofanyika kwa kutoelewa, au pale maelezo ya kosa yaliyosomwa hayakuonyesha kosa lolote. "Ni kweli" iliyotamkwa kabla ya maelezo ya kesi kusomwa haitoshi. Angalia kama maelezo yalisomwa, na mshtakiwa alijibu nini baada ya kusomewa.

Siku kumi: taarifa ya kusudio

Kifungu cha 361 kinadai mambo mawili. La kwanza ni taarifa ya maandishi ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu. La pili ni waraka wa rufaa wenyewe, wenye sababu zako, ndani ya siku 45 tangu hukumu. Katika kuhesabu siku 45, muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) hautiwi hesabuni. Siku 10 hazina nafuu hiyo, maana kwa taarifa huhitaji nakala yoyote.

Taarifa ni karatasi fupi. Andika jina la mahakama iliyohukumu, namba ya kesi, kosa, adhabu, tarehe ya hukumu, na sentensi moja kwamba hukuridhika na unakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu dhidi ya hatia na adhabu. Weka sahihi au dole gumba, na tarehe. Usianze kueleza sababu hapa.

Aliye gerezani huikabidhi kwa mkuu wa gereza, na sheria inamtaka afisa huyo aifikishe mahakamani. Omba tarehe ya kuipokea iandikwe na muhuri upigwe, kisha ubaki na nakala. Karatasi ikichelewa njiani, muhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba uzembe haukuwa wako. Ndugu walio nje nao waende masijala ya mahakama iliyohukumu kuhakikisha imeingia kwenye jalada.

Nakala ya hukumu na mwenendo

Siku hiyohiyo andika barua kwa hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama hiyo, kuomba nakala ya hukumu, mwenendo wote wa shauri, hati ya mashtaka na vielelezo. Barua iwe na tarehe na igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala zikitoka, hakikisha tarehe ya kukabidhiwa imeandikwa, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kuhesabu siku zako 45. Kagua kurasa zisipungue. Ukurasa unaokosekana mara nyingi ndio ule wa ushahidi wa mtoto au wa utetezi, na rufaa haiwezi kupiganwa vizuri bila huo.

Kuusoma mwenendo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Usianze na hukumu, kwa sababu hukumu ni maelezo ya hakimu juu ya kile alichokiona, na ukianza nayo utaona kwa macho yake. Anza na hati ya mashtaka, kisha shahidi mmoja baada ya mwingine, kisha utetezi, halafu ndipo usome hukumu. Kwa kila shahidi andika pembeni ukurasa, alichosema, na alichojibu alipoulizwa maswali na mshtakiwa.

Chukua hati ya mashtaka na uilinganishe na ushahidi. Hati ikisema tukio lilikuwa Machi na mashahidi wakasema Juni, na hati haikurekebishwa, hapo pana hoja. Tofauti ya siku moja au kijiji jirani haina uzito huo. Kukosea namba ya kifungu nako huwa kunasameheka kama maelezo ya kosa yalimwezesha mshtakiwa kujua anajibu nini, kwa sababu kifungu cha 388 kinakataza kuvunja hukumu kwa dosari ambayo haikuleta uonevu. Kwa kila dosari unayoiona, jiulize ilimnyima nini mshtakiwa. Ukikosa jibu, usiiweke mbele.

Halafu umri. Kwa kosa hili umri ni sehemu ya kosa, nao lazima uthibitishwe kwa ushahidi. Mzazi, ndugu, mlezi, daktari, cheti cha kuzaliwa au mtoto mwenyewe wanaweza kuuthibitisha. Kinachokosewa mara nyingi ni kudhani kwamba umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka, au ule anaouandika hakimu juu ya jina la shahidi kabla hajaanza kutoa ushahidi, unatosha. Mahakama ya Rufani imeshasema hautoshi. Lakini pima unachokidai: mtoto anayeonekana wazi kuwa wa darasa la kwanza hawezi kugeuka mtu mzima kwa hoja ya karatasi. Mara nyingine matunda ya hoja hii ni kushuka kutoka maisha hadi miaka 30, na kwa kijana wa miaka 25 hilo si jambo dogo.

Sasa ushahidi wa mtoto. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127, humwita mtoto mwenye umri mdogo yule ambaye kwa kuonekana hazidi miaka 14. Tangu marekebisho ya 2016, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla ya kuanza lazima aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Hakimu anatakiwa amuulize maswali mepesi: umri wake, dini yake, kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema ukweli. Tafuta kwenye mwenendo ahadi hiyo iliandikwaje. Kukiwa na "shahidi anaelewa wajibu wa kusema ukweli" peke yake, yaani maneno ya hakimu pasipo ahadi ya mtoto, hapo pana hoja ya kisheria. Miaka ya mwanzo kasoro hiyo ilikuwa ikifuta ushahidi wote wa mtoto. Baadaye Mahakama ya Rufani ililegeza katika baadhi ya mashauri, ikitazama zaidi kama mtoto alisema kweli. Kwa hiyo usitegemee hoja hii peke yake.

Kifungu hichohicho kinaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwathirika peke yake, endapo mahakama imeridhika kwamba anasema kweli tupu na imeandika sababu. Katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Wafungwa wengi huchukua maneno hayo kama mlango uliofungwa. Haujafungwa. Mahakama bado inatakiwa kuupima ushahidi huo: je, unalingana na wa mama, wa mwalimu, wa daktari? Mtoto alimtaja mtuhumiwa mara ya kwanza alipoulizwa, au alitaja mwingine kwanza? Alichelewa kusema, na kama alichelewa, alieleza kwa nini? Kutishiwa ni maelezo yanayokubalika kabisa, na mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Kuchelewa kusikoelezwa na yeyote, na kutaja watu tofauti kwa nyakati tofauti, ndiko kunakotia shaka.

Wapo wanaojenga rufaa nzima juu ya hoja kwamba mtoto hakutamka kuwa uume uliingia ukeni, alisema tu "alinifanyia tabia mbaya". Hoja hii imekuwa dhaifu. Kuingilia, hata kidogo sana, kunatosha kisheria, na Mahakama ya Rufani imekubali kwamba mtoto au mtu aliyelelewa kwa haya hutumia maneno ya staha. Hoja hupata nguvu tu pale ambapo maneno hayo yaliachwa bila ufafanuzi wowote, na hakuna ushahidi mwingine unaoonyesha kilichofanyika.

PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, baada ya kupokelewa kama kielelezo, ilisomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa? Kama haikusomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu, ingawa maneno ya daktari aliyesimama kizimbani yanaweza kubaki. Pili, kama daktari hakuja, mshtakiwa aliambiwa haki yake ya kutaka aitwe ahojiwe? Kifungu cha 240 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinadai hivyo. Kumbuka pia kwamba daktari anaweza kusema mtoto aliingiliwa, lakini hawezi kusema na nani.

Kama tukio lilikuwa usiku na mtuhumiwa si mtu wa nyumbani, pima utambuzi: mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, umbali, muda, na kama walifahamiana kabla. Uamuzi wa 1980 wa Mahakama ya Rufani ndio msingi wa maswali haya, na bado unafuatwa. Kama anayetajwa ni baba wa kambo, mjomba au jirani wa miaka mingi, hoja ya utambuzi haina pa kushika, na kuisukuma kunapunguza imani ya jaji kwa hoja zako nyingine.

Maelezo ya onyo yaliyoandikwa polisi nayo yana masharti: kuhojiwa ndani ya saa nne tangu kukamatwa, isipokuwa muda umeongezwa kisheria, na kupokelewa mahakamani bila pingamizi kupuuzwa. Hakimu akibadilishwa katikati ya kesi, sababu iandikwe. Mwisho soma hukumu: utetezi ulipimwa, au umetajwa kwa mstari mmoja kwamba "hauna mashiko"? Hakimu alisema mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha kwamba hakutenda? Mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, mwanzo hadi mwisho, na sentensi ya namna hiyo ni ya kunukuliwa neno kwa neno.

Kuhusu ugomvi. Utetezi wa "walinisingizia kwa sababu ya shamba" au "mama yake alikuwa na deni langu" unasikika katika kesi nyingi, na mara nyingine ni kweli. Lakini mahakama ya rufaa itauliza: ulimuuliza mama huyo swali hilo alipokuwa kizimbani? Alichosema shahidi bila kuulizwa swali juu yake huchukuliwa kuwa umekikubali. Kama swali la ugomvi liliulizwa, andika ukurasa. Kama halikuulizwa, usiufanye ugomvi kuwa nguzo. Vivyo hivyo kwa anayesema hakuwepo eneo la tukio bila kutoa taarifa mapema: mahakama ina uhuru wa kutoupa utetezi huo uzito.

Kuandika sababu za rufaa

Sababu tano zinazogusa kiini cha kesi zina nguvu kuliko ishirini zilizokopwa kwa mfungwa mwenzako. Sababu ya jumla kwamba "kesi haikuthibitishwa bila kuacha shaka" iwepo, kwa kuwa inafungua mlango wa ushahidi wote kupitiwa upya. Nyingine ziwe mahususi. Mfano: "Hakimu alikosea kisheria kumhukumu mrufani kifungo cha maisha wakati hakuna shahidi aliyethibitisha kwamba mwathirika alikuwa chini ya miaka kumi, ukurasa wa 8 hadi 14 wa mwenendo." Jaji akiisoma anajua aende wapi.

Jina la mtoto lisiandikwe. Tumia neno mwathirika, au herufi kama mahakama ilivyofanya. Waraka uandikwe kwa Kiswahili bila wasiwasi. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Muda ukipita

Kifungu cha 361 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kukubali rufaa nje ya muda kwa sababu nzuri. Hufanywa kwa maombi yenye kiapo, na kiapo kieleze kila kipindi cha kuchelewa: lini ulihamishwa gereza, lini nakala ilifika, lini ulikuwa hospitali. Ambatisha kiapo cha afisa wa gereza kinachounga mkono, au barua zenye mihuri. "Mimi ni mfungwa na sijui sheria" peke yake haitoshi. Kama hukumu ina kosa la kisheria linaloonekana waziwazi, litaje pia, kwa kuwa ni sababu inayokubalika.

Dhamana wakati wa kusubiri ipo kisheria chini ya kifungu cha 368, ila kwa makosa haya hutolewa kwa nadra mno. Familia isiuze kiwanja kwa ahadi ya mtu anayesema ataipata.

Msaada na mambo ya kuepuka

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu wasio na uwezo, wakiwemo walio magerezani. Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni milango ya kubisha. Maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yanasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuta yanayofanana na kesi yako, na usome hadi mwisho kabla ya kuyanukuu, kwa maana mengi huanza vizuri na kuishia rufaa kutupwa.

Msiiendee familia ya mtoto. Msipeleke pesa, wala wazee wa kusuluhisha, wala karatasi ya "tumesameheana". Kosa hili ni kati ya mtuhumiwa na Jamhuri, kwa hiyo msamaha wa mzazi haufuti hatia. Kumshinikiza shahidi ni kosa jingine. Na juu ya sheria, kuna mtoto katika nyumba ile ambaye amewahi kulazimishwa kurudia hadithi yake mbele ya watu wazima wengi mno.

Siku ya kusikilizwa

Mjibu rufaa ni Jamhuri, akiwakilishwa na wakili wa Serikali. Wafungwa wengi husikilizwa kwa video kutoka gerezani. Jaji anaweza kuagiza hoja za maandishi. Heshimu tarehe zilizopangwa, kwa kuwa kutowasilisha huhesabiwa kama kutofika. Ukisema kwa mdomo, anza na sababu yako yenye nguvu kuliko zote, taja ukurasa, kisha nyamaza jaji asome. Wakili wa Serikali akiunga mkono rufaa, usidhani imekwisha. Mahakama hufanya uamuzi wake yenyewe.

Rufaa ya kwanza ina faida kubwa: jaji anatakiwa kupitia ushahidi wote upya na kufikia maoni yake. Anaweza kuitupa rufaa, kufuta hatia, kuweka kosa dogo zaidi, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Kesi haipaswi kurudiwa ili kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba mapengo yake. Kanuni hiyo imefuatwa tangu uamuzi wa 1966 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jaji anaweza pia kuongeza adhabu. Aliyepewa miaka 30 kwa mtoto wa miaka 7 aelewe hilo kabla ya kuandika, kwa kuwa adhabu sahihi kisheria ni maisha.

Mahakama ya Rufani

Ukishindwa Mahakama Kuu, toa taarifa ya rufaa ndani ya siku 30 za uamuzi. Kumbukumbu za rufaa zikikufikia, una siku 21 za kuwasilisha sababu zako. Majaji watatu watasikiliza. Hapa ni hoja za kisheria. Ukali wa adhabu si hoja, na ukweli uliokubaliwa na mahakama mbili hauguswi isipokuwa ushahidi ulieleweka vibaya au haukuzingatiwa kabisa. Sababu mpya ambayo hukuitoa Mahakama Kuu haitasikilizwa kama si ya kisheria, na ndiyo maana ile orodha ya kwanza ilihitaji utulivu.

Baada ya hapo hubaki mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iutazame tena uamuzi wake yenyewe, yanayoombwa ndani ya siku 60, kwa sababu finyu kama kosa la wazi kwenye uso wa hukumu au kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Si rufaa ya tatu.

Kwa wazazi wa mtoto ambao mshtakiwa ameachiwa: ninyi hamkati rufaa, Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayekata. Nendeni ofisi ya mashtaka ya wilaya au mkoa mapema, mkiwa na namba ya kesi na tarehe ya hukumu, kwa sababu taarifa yake inatakiwa kuingia ndani ya siku 30 na waraka wake ndani ya siku 45.